Mnara wa Vyungu Saba

Mnara wa mashujaa wa kijiji chetu haukuwa na jina la mtu hata mmoja. Wageni waliotoka kuogelea ufukoni Matema wakapotea njia na kutufikia sisi, waliuzunguka mara mbili wakitafuta kibao cha kusoma, kisha wakauliza kama ni tangi la maji au tanuri la mikate. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Kwetu kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale: nguzo ya matofali, na kwenye nguzo vyungu saba vilivyojengewa, kila kimoja na mkono wa mwanamke aliyekifinyanga. Ukiujua mkono, umemjua na mtu wake.

Nieleze hapa, kwa sababu najua wapo watakaosema chungu ni chungu. Si kweli. Mama zetu wa Kikisi wanafinyanga bila mashine, wanauzungusha udongo taratibu kwenye kigae, wanakwangua kwa kipande cha kibuyu, wanasugua kwa kokoto mpaka ung'ae, na kila mmoja ana namna yake ya kumalizia shingo. Mmoja huchora mistari miwili myekundu na kuacha, mwingine hawezi kuacha mpaka ajaze bega zima. Mama yangu alikuwa wa mistari mitatu na nukta. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na nakuambia sikuwahi kuitambua hati ya mwanafunzi haraka kama mama alivyoweza kutambua chungu cha jirani yake kikiwa bado ndani ya mtumbwi.

Siku hizi nimestaafu. Nina nyumba mjini, Mbugani, kiduka kidogo barazani, na ulimi ambao wenyewe umekataa kustaafu. Mama amebaki kule kijijini ziwani, hataki mjini. Anasema mjini hakuna udongo, kuna vumbi tu. Kila wiki napanda gari hadi Ipinda, namaliza safari kwa bodaboda katikati ya mashamba ya mpunga, na nikifika namkuta amekaa palepale nyuma ya jiko, kana kwamba nimetoka asubuhi ileile.

Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa darasa la tatu. Babu, yaani baba yake mama, alikuwa na redio iliyovalishwa koti la kitambaa, na watu walijaa uani kwetu kusikiliza habari za nduli aliyetuvamia. Tulimwimba nduli shuleni, tulimchora kwa mkaa ukutani, tulimpiga mawe. Kwetu ilikuwa kama mchezo. Kisha lori likaja, wanamgambo wakapanda, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, wa pekee. Mama yao alifariki angali anatambaa, kwa hiyo mama yangu ndiye aliyemlea, akiwa msichana mdogo mwenyewe. Alipokua akawa mpakiaji wa vyungu vya dada yake. Kila Jumamosi asubuhi alivipanga mtumbwini, midomo chini, majani makavu katikati, akavipeleka sokoni, na sikumbuki siku aliyovunja hata kimoja. Alichokuwa hawezi ni kurudi kwa wakati. Akishauza alipiga stori na kila mtu wa ufukweni, akasaidia huyu kuvuta wavu na yule kukamata mbuzi, na chakula kikaliwa bila yeye.

Ndiyo maana mama alikuwa na kijungu chake maalumu. Kabla ya kukomba sufuria alisimama, akatuangalia sote, akauliza, "Kuna aliyechelewa?" Sisi tukapiga kelele, "Mjomba!" Basi anachota wali, anaweka na kipande cha samaki, mbasa, juu, anafunika kwa jani la mgomba na kusogeza karibu na mafiga. Mjomba alikuja akala akiwa amechuchumaa palepale, anasifia kila tonge kwa sauti, na mama anamgombeza huku anacheka. Sijapata kuona mtu anayefurahia kiporo kama yule.

Siku ya lori mama alimpikia mapema, lakini hakula.  Lori lilipoanza kuondoka alichungulia juu ya vichwa vya wenzake akapaza sauti, "Dada, uniwekee!" Watu wote wakacheka. Mama naye alicheka, nilimwona.

Walioondoka walikuwa wengi. Waliobaki huko ni saba.

Habari za mjomba zililetwa na jirani yetu, aliyerudi na mguu mmoja usiokunjika. Nakumbuka alivyoingia uani akakataa kigoda na kukaa chini kwenye mkeka. Mama alikuwa anakwangua chungu. Yule jirani akamwambia, "Dada, ndugu yako nilimwacha anaumwa. Hali yake haikuwa nzuri. Walimpakia kwenye gari la wagonjwa." Mama akaweka kibuyu chini. Jirani akanyanyuka kwa shida, akaenda na babu nyuma ya nyumba, kwenye mikakao, wakakaa huko muda mrefu. Babu aliporudi aliomba maji ya kunywa. 

Msomaji asiye wa kwetu lazima ajue jambo moja hapa. Kijijini kwetu habari ya kifo haibebwi na mtu mmoja. Aliyeona analeta nusu: fulani anaumwa, hali si nzuri. Nusu ya pili ni ya mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye anayewaita watu wake ndani, anakaa nao chini, na kuisema kwa mdomo wake. Hapo ndipo kilio kinaanza. Hairuhusiwi mtu kulia kabla hajaambiwa, hata kama ameshaelewa, maana ukilia kabla unakuwa kama wewe ndiye uliyemuua. Mimi nilipokuwa mwalimu kijana niliyejaa elimu niliuita utaratibu huo upuuzi. Niliusema hadharani, mbele ya wazazi wa wanafunzi, na sasa nikikumbuka naona aibu.

Babu alianguka shambani kabla mpunga haujavunwa. Mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Alikaa miezi michache akitutazama kwa macho tu, halafu tukamzika. Msiba wake ulikuwa mkubwa, mama alilia mpaka sauti ikaisha, na kijiji kikahesabu kwamba hapo tumelia misiba miwili kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza?

Mnara ulijengwa baada ya hapo. Viongozi wa juu walitaka kila kijiji kiwakumbuke mashujaa wake, lakini hawakuleta hata msumari. Saruji wakati ule ilikuwa ya kibali. Ya mnara ilikuwa masalia ya zahanati, imeganda nusu, wanaume wakaiponda kwa nyundo. Matofali yalichomwa hapohapo kijijini, na fundi akatoka Ipinda. Kibao cha chuma hakikupatikana, rangi haikupatikana. Maduka yalikuwa matupu kiasi kwamba hata sabuni ya kuogea ilikuwa inavuka mto Songwe kutoka upande wa pili wa mpaka, ikipitishwa Kasumulu katikati ya mabunda ya nguo kuukuu. Wanaume walikaa mikutano mitatu wakilalamikia kibao. Kwenye mkutano wa nne mwanamke mmoja, mama wa mmoja wa wale saba, alisimama akasema, "Ninyi mnalia chuma. Sisi udongo tunao."

Ugomvi haukuishia hapo. Wavuvi walitaka mnara uangalie ziwani, maana vijana wale walikuwa wa majini. Wakulima wakataka uangalie barabara ya kupandia Tukuyu, maana ndiko lori lilikoelekea na ndiko wangetokea kama wangerudi. Walibishana mpaka fundi akachoka, akasema atajenga duara lisilo na mbele wala nyuma, na asiyetaka ajenge mwenyewe. Urefu wake walipima kwa mvuvi aliyesimama na kuinua kafi. Vyungu vilipangwa vyote mstari mmoja usawa wa kifua, kwa sababu hakuna mama aliyekubali cha mwanawe kiwe chini ya cha mwenzake. Viliinamishwa kidogo, midomo ikiangalia juu na nje, kama mtu aliyeinua uso kuitika.

Chungu cha msiba kwetu kinatobolewa kitako. Kinatobolewa na yule aliyekifinyanga, kwa mkono wake, ili asije mtu akakichukua kupikia, na ili mwenye msiba ajue kwamba chombo hiki hakiwezi tena kumlisha mtu. Wale wanawake walitoboa vyungu vyao nyumbani, kila mmoja peke yake. Siku ya kujengea walivileta kichwani, vimefunikwa kanga. Mama aliambiwa alete naye akaleta. Nilitembea nyuma yake nikiona kingo za chungu zikisukuma kanga, na chini yake nilijua kuna mistari mitatu na nukta. Fundi alivipokea bila kuvigeuza, akavipachika, akapiga saruji. Mchungaji akaomba. Tukala wali.

Miaka iliyofuata mnara ule ulikuwa wetu kuliko kanisa na shule. Ulikuwa goli la mpira, upande mmoja wa goli, upande wa pili tuliweka kandambili. Wavuvi walianika nyavu zao pale mpaka wazee wakawafukuza, wakaanika tena. Maharusi walisimama mbele yake kupigwa picha, bwana harusi ameshika kiuno cha mkewe, na nyuma yao vyungu saba vimewatumbulia midomo. Kwaya ilifanya mazoezi pale. Mimi mwenyewe niliambiwa pale, na kijana ambaye sitamtaja, kwamba nina macho mazuri, nikamjibu vibaya na kujutia jibu lile mwaka mzima. Nikifumba macho sasa nasikia harufu yake: matofali yaliyolowa, magamba ya samaki na udongo uliochomwa.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu tulilolizoea mpaka likaacha kuwa la ajabu. Mvua ikinyesha, vyungu sita vilikauka siku hiyohiyo. Cha mjomba kilibaki na maji. Ndege walikuja kunywa, sisi tukanawa vidole. Mama alipita kila Jumamosi akienda sokoni, akaingiza kikombe na kuyachota yale maji, akapangusa ndani kwa jani, akaendelea na safari yake. Tulisema ni usafi wake tu. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo, aliyeweza kufagia hata ufuko wa ziwa.

Na nyumbani, miaka yote, kabla ya kukomba sufuria: "Kuna aliyechelewa?" Tulikua, tukaolewa, tukarudi na watoto wetu, na watoto wetu wakaizoea sauti ile. Nilijua mama ni mtu wa mazoea.

Miaka ya karibuni ziwa limepanda. Lilianza na uwanja wetu wa mpira, likala banda la samaki, likafika kwenye mnara. Mawimbi ya msimu wa upepo wa mwera yaliuchimba chini, ukaanza kuegemea upande mmoja kama mzee anayesikiliza kwa sikio lililobaki. Mkutano ukaitishwa. Mtendaji wa kijiji, binti mchangamfu niliyewahi kumfundisha hesabu, alituonyesha kwenye simu yake picha ya mnara mpya utakaojengwa juu, karibu na shule: vigae vinavyong'aa, minyororo pembeni, na jiwe jeusi lenye majina.

"Hivyo ni vigae vya bafuni," nilisema.

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakunipa ushindi. "Mwalimu, watoto wa sasa hawasomi shingo za vyungu," alisema. "Wewe mwenyewe ukivitazama unavijua vyote saba?"

Nilivijua vinne. Nilikaa chini.

Tulikubaliana hivi: vyungu vitatolewa kwa uangalifu na kupachikwa kuzunguka kitako cha mnara mpya, mstari mmoja kama zamani, na jina la kila mtu litaandikwa juu ya chungu chake. Ili jina lichongwe, familia ijaze fomu na kutia sahihi kwamba ndugu yao ni marehemu. Familia sita zilileta fomu wiki ileile. Yetu ilikaa mezani kwa mama ikiwekewa vikombe vya chai.

"Mama, weka dole gumba tu hapa."

"Inasemaje?"

"Inasema mjomba alifariki vitani."

"Mimi sijaambiwa."

Nilimweleza upya. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa cha marehemu baba, hata kwa Kikisi changu kibovu. Alisikiliza kwa adabu, anachambua mchele, na mwisho akajibu lilelile. Hajaambiwa. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Nilisema ni uzee, nikasema ni ukaidi, nikamwambia usoni kwamba kwa sababu yake jiwe litakuwa na majina sita na watoto watauliza chungu cha saba ni cha nani. Nilipandisha sauti. Sijivunii hilo. Alinyanyua macho akasema, "Gwe mwana, usinipigie kelele kama niko darasani," akaendelea na mchele wake.

Basi nikachukua fomu nikaijaza mwenyewe. Uhusiano: mpwa. Nilitia sahihi yangu nzuri ya kialimu, nikampelekea mtendaji, na jina likachongwa. Dakika mbili tu, kazi imekwisha. Njiani kurudi Mbugani nilijipongeza kwamba katika ukoo huu kuna angalau mtu mmoja anayejua kumaliza mambo.

Siku ya kubomoa tulikusanyika asubuhi, ziwa limetulia. Fundi alikuwa kijana mwenye subira. Alitumia tindo ndogo, akatoa saruji nyuma ya kila chungu, akakilaza kwenye magunia. Yule jirani wa mguu usiokunjika aliletwa kwa pikipiki, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee sana sasa, kofia magotini. Kila chungu kikitoka fundi alikiinua juu kukikagua, na kupitia tundu la kitakoni tuliona mwanga wa mbingu. Cha kwanza. Cha pili. Wanawake walitaja mkono wa nani, mtendaji akaandika. Cha sita.

Cha saba kilikuwa cha mistari mitatu na nukta. Fundi alikiinua, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hiki hakijatobolewa," alisema.

 Nilikitwaa nikaingiza mkono. Kitako kilikuwa kizima, laini, kimesuguliwa na jani kila Jumamosi kwa miaka yote ile. Na hapo ndipo kila kitu kilipokuja kwa mpigo: maji yasiyokauka, kikombe cha mama, swali la kabla ya kukomba sufuria. Alikuwa amemwekea. Mnara wote ule wa kijiji, maombi, picha za harusi na goli letu la mpira, kwake yeye ilikuwa rafu ya kuwekea chakula cha aliyechelewa.

Yule mzee aliniita. Nilimsogelea nikainama kumwamkia, "Mwagonile, baba."

"Mama yako aliambiwa?" aliniuliza.

"Si wewe uliyemwambia? Nilikuwepo."

"Mimi nilileta nusu." Aliizungusha kofia magotini. "Nilimzika mwenyewe mjomba wako, mwanangu. Pembeni ya barabara, tukaweka mawe. Nilimwambia babu yako kule kwenye mikakao. Akasema ngoja tuvune mpunga kwanza, msiba bila wali ni aibu, tukishavuna nitawaita ndani niwaambie. Mimi nikajua aliwaambia. Mama yako alipofinyanga chungu, nikajua kabisa."

"Babu alianguka kabla ya mavuno."

"Naam," alisema. Kisha akauliza, "Nani amebaki mkubwa nyumbani kwenu?"

Nilianza kutafuta kichwani. Babu. Baba. Mama mkubwa wa Ikombe. Baba mdogo. Niliwapita mmojammoja, wote wako makaburini. Yule mzee alinisubiri mpaka nikafika mwisho.

"Umebaki wewe," alisema.

Nilibeba kile chungu kwenda nyumbani. Ni mwendo mfupi, nimeutembea tangu nijue kutembea, na siku ile nilijikokota. Mimi, mwenye kusema na wakaguzi wa elimu wakatafuta pa kutokea. Mimi niliyemuua mjomba kwa kalamu kwa dakika mbili na kujipongeza. Nilikuwa naomba mama awe amelala, au amekwenda kwa jirani. Alikuwa palepale nyuma ya jiko, na ungo mapajani.

Aliona chungu kabla hajaniona mimi. Akasogeza ungo pembeni.

Nilikaa chini, ardhini, si kwenye kigoda. Hapo tu aliacha kunitazama usoni, akatazama mikono yangu. Nyuma yangu nilisikia wanawake wameingia uani wakasimama, na fimbo ya yule mzee ikigonga ardhi. Walikuwa wamenifuata bila kuniambia.

"Mama," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ya darasa la tatu. "Babu alitaka kukuambia akashindwa. Baba naye hayupo. Ndiyo maana nimekuja mimi. Mjomba alikufa. Alikufa kulekule vitani, na huyu baba hapa ndiye aliyemzika. Hatarudi, mama."

Kisha nikamwambia na la fomu, kwamba niliweka sahihi bila yeye. Sikutaka nusu nyingine ibaki nyumba ile.

Mama alimgeukia yule mzee. "Mlimzika vizuri?"

"Vizuri, dada. Tuliweka mawe."

"Ndaga fijo," alisema mama. Asante sana. Alinipokonya chungu kwa upole, akakipakata kama alivyokuwa akivipakata vibichi, akapitisha dole gumba kitakoni, polepole, kwa duara. "Nilikuwa najua," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mtu hawezi kuchelewa hivyo. Lakini nani anajiambia mwenyewe? Nilikaa nikingoja mtu aje aseme. Mkaniletea karatasi."

Nililia hapo mimi, kabla yake, kinyume cha utaratibu wote. Hakuna aliyenikaripia.

Aliomba kisu kidogo. Vidole vyake vimepinda, miaka mingi sasa hafinyangi, lakini alipokishika chungu kile mikono ilikumbuka. Hakugonga. Aliweka ncha ya kisu katikati ya kitako akaizungusha, kidogo kidogo, unga mwekundu ukidondokea kanga yake, mpaka ncha ikatokea ndani. Akapuliza vumbi. Akakiinua, akatazama mbingu kupitia kile kitundu. Halafu akakiweka chini, akafungua mdomo, na kilio kilichotoka sikuwa nimewahi kukisikia kwa mama yangu, hata siku ya babu, hata siku ya baba. Kilikuwa cha msichana anayemlilia mtoto. Wanawake wakakipokea, na kutoka nyumba za ng'ambo ya migomba watu wakaanza kuja.

Tulikaa msiba siku tatu, na mkeka uani kama inavyotakiwa. Chungu kipo kwenye mnara mpya sasa, na juu yake jina, na nakiri kwamba vigae vile si vibaya sana jua likipiga. Nimewahi kusimama pale baada ya mvua. Vyote saba vilikuwa vikavu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ya kwanza. Majirani walipika wali mwingi, mpya, wa mavuno ya msimu ule, na mbasa wa kukaanga. Tulimpakulia mama akiwa wa kwanza. Mjukuu wake alipokuja na sufuria akitaka kuikomba, alisimama mbele ya bibi yake kwa mazoea, akangoja swali. Sisi sote tukangoja. Mama alikula sahani yake yote, akaifuta kwa kidole, akamwashiria mtoto akombe.

Hakuuliza kama kuna aliyechelewa.